Utenzi wa Rafu Moja

Sitaki wino na peni,
nitieni mkononi
nyundo yangu ya zamani
na randa ya kuazimwa.

Naitwa Bwana Famau,
Amu, Mkomani juu;
posta walinisahau
na pensheni imeliwa.

Mke wangu Mwanaesha
asubuhi kaniwasha:
"Vikombe vimenichosha
sakafuni kuokotwa.

"Nifanyie rafu moja,
nimechoka na kungoja,
ama fundi atakuja,
Kombo, mara akiitwa."

Fundi? Mimi nikaapa:
"Shilingi sitamlipa!
Mikono ninayo hapa,
ya bure niliyopewa."

Ubao wangu wa mvule
ukaja kwa punda yule
asiyependa kelele,
njia yote ikazibwa.

Ukakaa kwa upana,
kuta mbili zikabana;
nyuma watu wagombana
na sinia la haluwa.

Kalamu kwenye sikio
naitafuta kwa mbio,
kwa hasira, kwa kilio,
nikidhani imeibwa.

Inchi sitini na sita
nilipima; nikikata
nikashika sentimita:
kilichobaki ni chawa.

Ubao wa pili, deni;
punda tena yu njiani,
watu tena milangoni,
na haluwa ikaliwa.

Lakini raha ya randa!
Ikienda, ikipanda,
maranda yanajipinda
kama nywele za kusukwa.

Harufu ikafumuka
chumbani, ikazunguka,
nikasahau miaka
ya mihuri na kutumwa.

Vumbi kwenye chai yangu,
vumbi hata kwenye chungu,
na ndevu zenye ukungu;
Mwanaesha: "Kula, dawa."

Gundi nayo ina pendo:
kofia, kidole, nyundo,
vikafunga moja fundo
la nusu saa kukatwa.

Nyundo nayo ina jicho,
lakini halina kicho:
kidole gumba ndo hicho
kilichokuja kutwangwa.

Neno likanichopoka,
jirani akaitika,
adhani namtamka
yeye, kwa jina kuitwa.

Sasa ukuta. Wa kale,
wa mawe, chokaa tele;
keke ikaenda mbele
kama mkate kuliwa.

Tundu likawa mlango,
mjusi katoa shingo;
nikaziba kwa udongo
na saruji ya kuombwa.

Alasiri, rafu juu!
Nikaita wajukuu,
nikavaa kanzu kuu,
nikangoja kusifiwa.

Cha kwanza kikatulia,
cha pili kikanyatia,
cha tatu kikakimbia,
kikadakwa kama njiwa.

Alikidaka Barika,
mjukuu; akacheka,
ndimu moja akaweka:
yenda bila kusukumwa!

Akapita Fundi Kombo,
akaona langu kombo,
akatoa chake chombo
cha povu ndani kutiwa.

Akapima, akapima,
kisha kwa sauti njema:
"Rafu haina lawama,
nyumba ndiyo siyo sawa.

"Umefuata boriti
iliyopinda kwa dhati,
wala si kosa la futi,
ni hivyo ilivyojengwa."

Kutoka kile kipande
kifupi, kwa upande
akachonga, kama mkunde,
kabari. Tia. Ikawa.

Hakunidai shilingi;
alikunywa chai nyingi,
vumbi lake pia lingi,
bila neno kutamkwa.

Vikombe sasa ni sita,
na paka amejipata
pa kulala, pa kunyata,
hataki kuondolewa.

Usiku nikapapasa
ulaini wa msasa,
gumba likiuma hasa
kama kengele kupigwa.

Mke wangu kitandani
kanena usingizini:
"Mlango wa msalani
nao haufungi sawa."